Nepi Kwenye Kamba ya Lindi

Mwezi uliopita nilialikwa Kawangware kumpongeza msichana wa kanisa letu aliyekuwa amebakisha majuma machache ajifungue. Wenzake walikuwa wamefunga maputo mlangoni na kupanga mezani beseni, blanketi, chupa na viatu vya ukubwa wa kidole gumba, vyote vya mtoto ambaye hakuna aliyekuwa amemwona. Walicheka, wakala keki, wakampiga picha ameshika tumbo kwa mikono miwili. Mimi nilikaa kwenye kochi na sahani magotini, nikashindwa kuila. "Shosho, mbona umenyamaza? Kwani keki ni mbaya?" mmoja wao akaniuliza, kwa kuwa mimi ni wa umri wa bibi yao. Nikamwambia keki ni tamu. Sikuwa na njia ya kumweleza, katika kelele zile za muziki, kwamba nilipokuwa na umri kama wake nilimwona mwanamke akifanya jambo hilohilo, mwendo wa miguu tu kutoka pale tulipokaa, bila keki wala maputo, na ploti nzima, wapangaji wote wa ua ule, ikamtazama kama mtu anayekiita kifo kije.

Mwanamke huyo alikuwa dada yangu Rosa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Yeye na mumewe, Wanjala, walikuwa wamepanga chumba kimoja huko Lindi, Kibera. Wanjala alifanya kazi ya mjengo mjini, akirudi jioni na saruji kwenye nyusi. Mimi nilikuwa Kawangware, nikijifunza cherehani kwa mjane aliyeitwa Mama Wairimu, na nililala kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka lake. Jumamosi mchana kazi ilipokwisha nilivuka Barabara ya Ngong nikateremka Kibera, na sikurudi mpaka Jumapili jioni. Chumba cha Rosa bado nakiona nikifumba macho. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia la maua, mbele yake meza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, viti viwili na kigoda, na jiko la makaa lililowashwa nje na kuingizwa ndani likishaacha moshi. Nilipolala hapo nilitandikiwa mkeka kati ya meza na mlango. Tulikula ugali na mrenda, au dagaa wa omena walionunuliwa kwa jirani, Mama Atieno, aliyewauza mlangoni pake na kuuzungumza ulimwengu mzima kuanzia asubuhi. Hakuna neno lililosemwa katika ploti ile ambalo halikupita kwanza kwenye karai lake.

Rosa alikuwa amezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Wa kwanza aliishi majuma machache, wa pili hakumaliza hata juma moja. Mwaka ninaousimulia alikuwa na mimba ya tatu, na kila mtu alijua maana yake. Kule nyumbani, Bungoma, mama yake Wanjala alikuwa amekwisha kumtazamia mwanawe msichana mwingine. Hakuna aliyelisema waziwazi, lakini kila aliyetoka nyumbani alileta salamu, na ndani ya salamu mlikuwa na jina la msichana huyo: ana adabu, ana nguvu za shamba, ametuma salamu. Wanjala alizipokea huku akitazama chini. Alimpenda dada yangu, hilo sikulitilia shaka. Lakini alikuwa mwana pekee wa mama yake mjane, na nilimsikia siku moja akimwambia Rosa nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini, "Huyu akikaa, hakuna mtu atasema kitu tena." Sote tulijua kitakachofuata ikiwa huyu naye hatakaa.

Desturi ya kwetu, na ya majirani zetu Waluo pia, ni kwamba mtoto hatayarishiwi. Mimba huonekana lakini haitajwi. Nguo hazinunuliwi, jina halitamkwi, na mwenye tumbo akiulizwa hujibu kwamba anaumwa na mgongo tu. Ni adabu ya watu waliozika wengi, nami siicheki. Rosa aliishika kwa mimba mbili za kwanza. Alificha vitambaa chini ya kitanda, akatembea amejifunga leso mbili, akanyamaza. Kisha alizika akiwa amenyamaza vilevile, kwa kuwa watu walioambiwa wasione tumbo hawakujua wafanyeje walipoambiwa waone kaburi.

Tulikuwa tumeokoka, yeye na mimi, na tulikusanyika na wenzetu Jumapili alasiri huko Kisumu Ndogo, mtaa mwingine wa Kibera, katika chumba cha Mzee Yohana, fundi wa viatu. Kila mtu alikuja na kigoda chake. Kulikuwa na nyimbo, neno, kisha ushuhuda, na katika ushuhuda tulikuwa wakali. Mtu alisimulia lililotendeka, bila kuongeza chumvi. Aliyesema ameponywa aliulizwa kama bado anakohoa. Nilipenda ukali huo, na hata leo naupenda, maana nimesikia mengi tangu hapo. Basi Jumapili moja Rosa alisimama, mkono mmoja kwenye ukuta wa udongo, akasema, "Bwana asifiwe." Tukaitikia, "Asifiwe sana." Akasema, "Nasimama kumshukuru Mungu kwa yale aliyoniwekea mbele."

Tulingoja. Mzee Yohana aliinamisha kichwa kama asikiaye vizuri kwa sikio moja. "Amina, dada. Amekutendea nini?"

"Bado sijaona, mzee."

"Sasa unashukuru nini?"

"Namshukuru yeye. Yuko kule ninakoenda. Amefika kabla yangu."

Mwanamke aliyekaa karibu na mlango akaguna. Mzee Yohana alifikiri kidogo, akasema kwa upole, "Dada, hilo ni ombi. Ushuhuda utaleta likishakuwa. Tuombe." Tukaomba. Lakini Rosa hakuketi mpaka maombi yakaisha, na tuliporudi Lindi alitoa shuka kuukuu sandukuni, akaitandika mezani na kuniomba nimkatie miraba. Nilimuuliza miraba ya nini, ingawa nilikuwa nimekwisha kuelewa. "Nepi," akasema. "Uikate sawasawa, wewe si fundi?" Niliipeleka Kawangware nikaipinda kingo kwa cherehani ya Mama Wairimu, naye alisimama nyuma yangu akitazama. Jumamosi iliyofuata Rosa alizifua zote kwa sabuni ya kipande, akazianika katikati ya ploti, kwenye kamba iliyopita mbele ya milango yote.

Nimewaza sana kuhusu alasiri ile. Watu wakisikia habari ya kumsifu Mungu kabla ya jambo, hudhani ni mtu aliyejaa furaha, anayepiga makofi. Rosa hakuwa hivyo. Midomo ilikuwa imemkauka. Alianika nepi ya kwanza kama mtu anayeweka mkono juu ya jiko kupima moto. Wanawake walitoka milangoni mmoja mmoja wakasimama, wakashika viuno, na mtoto mmoja aliyetaka kuchezea maji alivutwa ndani kwa mkono. Mama Atieno ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Rosa! Hizo ni za nani?"

"Ni za mtoto."

"Mtoto gani? Mbona sijamsikia akilia? Ama huyu wenu anakojolea upepo?"

Watu wakacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na raha. Rosa naye akacheka. "Anajifunza," akasema, "akija asiwasumbue."

"We mama, wacha mchezo," Mama Atieno akasema, na sasa hakuwa akitania. Alikuja karibu, mikono ikinuka samaki, akashusha sauti. "Toa hizo vitu. Tafadhali dadangu. Mimi nakupenda, ndiyo maana nakuambia. Toa."

Hakuzitoa. Na kwa kuwa ploti ilikuwa ya vumbi na moshi wa makaa, nepi zilizokaa bila kuvaliwa zilichafuka kama zilizovaliwa, basi kila Jumamosi tulizifua upya. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliifua aibu yangu humo pamoja na vumbi. Kwenye mfereji wa kuchotea maji wanawake walininyamazia, na waliozungumza walinipa pole, kana kwamba msiba umekwisha kuingia na mimi ndiye niliyetumwa kuutangaza. Mzee Yohana na ndugu wawili walikuja kumwonya Rosa kwa upendo. Walikunywa chai ya maziwa na kula viazi vitamu, wakazunguka na habari za mvua, kisha mzee akasema anaogopa isije ikawa ni kumjaribu Mungu. Niliketi kwenye mkeka nikisikiliza. Rosa aliwajazia vikombe kwanza. "Mzee," akasema, "sijamwambia Mungu lazima anipe. Akininyima, nitalia, na mtanisikia mpaka Kisumu Ndogo. Lakini sisi tunaiogopa kesho kama ni ya shetani mpaka ithibitishwe kwamba ni ya Mungu. Mara mbili nilinyamaza, na kunyamaza hakukuniokolea mtoto. Mara hii nataka nimshukuru mwenye kesho nikiwa bado sijui ameweka nini." Mzee Yohana alizungusha kikombe. Mwishoni alisema chai ilikuwa nzuri, akaomba kwa ajili yake kwa maneno machache, na mlangoni alisimama akaziangalia zile nepi kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Nilikuwa nimedhani, mpaka siku ile, kwamba shukrani ni malipo: unatendewa, unalipa. Nilikuwa mwaminifu sana katika kulipa. Sasa ndipo nilipoanza kuona kwamba dada yangu alikuwa akifanya jambo la aina nyingine kabisa, ambalo mimi kwa uaminifu wangu wote nilikuwa sijalianza.

Kosa lililofuata lisingeweza kutokea ila kwa watu kama sisi, ambao habari zetu za nyumbani zilisafirishwa kwa midomo. Kijana mmoja wa kijijini kwa Wanjala, aliyekuwa akifanya kazi mjini, alipita Lindi kutusalimu kabla ya kupanda basi la likizo. Hakumkuta Rosa wala Wanjala. Alikuta mlango umefungwa na kamba imejaa nepi, safi, zikipepea. Je, alikuwa na haja ya kuuliza? Katika nchi yetu yote hakukuwa na mwanamke aliyeanika nepi bila mtoto. Alipanda basi, akafika nyumbani, akatangaza kwamba mke wa Wanjala amejifungua.

Ilikuwa Jumamosi tena. Nilikuwa nimeinama kwenye beseni, Rosa ameketi kwenye kigoda akichambua kunde, tumbo likimkaa magotini. Tulisikia vigelegele langoni. Vilikuwa vigelegele vya kwetu, vile virefu vinavyopandishwa mwishoni, na nyuma ya vigelegele akaingia mwanamke mrefu, mkavu, mwenye gunia dogo kichwani, mkungu wa ndizi mgongoni na jogoo kwapani. Alikuwa mama yake Wanjala. Sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, ingawa hakuwa na mjukuu hata mmoja aliye hai. Wanjala alimfuata amebeba kikapu, uso wake kama wa mtu aliyejaribu kueleza jambo njia nzima kutoka stesheni ya mabasi na hakusikizwa.

Kukhu aliziona nepi kwanza, akapiga vigelegele tena. Kisha akamwona Rosa. Kisha akaliona tumbo. Jogoo alimponyoka kwapani akakimbilia kwa Mama Atieno.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

Rosa aliweka kunde chini, akapiga magoti kwa shida. "Karibu, mama. Bado yuko humu."

Kukhu alishusha gunia. Lilikuwa na unga wa wimbi wa kumpikia uji mzazi, naye alikuwa ameusaga kwa mkono wake. "Na hizi?" akasema, bila kuzinyooshea kidole.

"Ni zake, mama. Tunamshukuru Mungu mapema."

Mama Atieno, aliyekuwa amemkamata jogoo, alimshika mdomo asiwike. Kukhu aliketi kwenye kigoda cha Rosa. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akatazama kamba. "Mmeniua," akasema hatimaye. "Nimetoka nyumbani na unga wa mzazi. Wote wameniona. Unga wa mzazi ukitoka haurudi. Nikirudi nao, nimerudi na maiti." Wanjala akasema, "Mama, tutauweka hapa, wewe urudi tu—" Kukhu akamkatiza. "Nani ataupika? Wewe? Aliyeusaga ndiye anayeupika. Nitakaa."

Hivyo ndivyo mwanamke aliyekuwa akimtumia mwanawe salamu za msichana mwingine alivyojikuta amefungwa na gunia lake mwenyewe, akingoja uzazi wa dada yangu. Na kwa kuwa kwa mila zetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata kama nyumba yenyewe ni chumba cha kukodi chenye pazia, jioni ile nilimchukua Kawangware akalala nami nyuma ya duka la Mama Wairimu. Baada ya siku mbili aliijua njia. Alikuja Lindi kila asubuhi kwa miguu, fimbo mkononi, akiwasalimu watu wote wa Barabara ya Ngong kwa Kibukusu na kukasirika wasipoitika. Akifika, jambo la kwanza alitoa nepi kwenye kamba, akazikunja, akazitia chini ya kitanda. Rosa alimshukuru, akamwandalia chai, na akishakunywa, Rosa alizitoa chini ya kitanda akazianika tena. Hawakugombana hata siku moja. Ploti nzima ilikuwa ikiangalia mchezo huo kama watu wanavyoangalia mpira, na Mama Atieno alitangaza matokeo. "Leo Kukhu amewahi!" "Leo Rosa amesawazisha!"

Walishindana pia juu ya jina. Kukhu alitaka mtoto, akiwa wa kiume, aitwe Makokha, kwa sababu makokha ni jalala, na kifo hakiokoti takataka. Rosa alisema hataliita jalala jambo alilokwisha kulishukuru. "We mtoto," Kukhu akamwambia, "unafikiri unamjua Mungu. Mimi nakijua kifo. Kina masikio."

Jioni moja kule Kawangware tulikuwa watatu, tukila githeri, mahindi na maharagwe aliyochemsha Mama Wairimu, kwenye sahani za bati, taa ya chemni juu ya meza ya cherehani. Niliinuka kwenda kuosha vyombo nje ya mlango, na wale wajane wawili wakabaki. Kiswahili cha Kukhu kilikuwa cha kuokoteza, na cha Mama Wairimu hakikuwa bora zaidi, kwa hiyo kila mmoja alisema polepole na kwa sauti, kama watu wanaozungumza na kiziwi, na nilisikia kila neno.

"Wewe kwa nini unachukia nguo ya mtoto?" Mama Wairimu akauliza.

"Sichukii."

"Unatoa kila siku. Msichana ameniambia."

Kijiko kiligonga bati mara kadhaa. Kisha Kukhu akasema kwamba kabla ya Wanjala alizika wanne. Wanjala alipozaliwa hakumtazama usoni. Wanawake walimchukua wakamlaza juu ya jalala la majivu nyuma ya nyumba, jirani akapita, akajifanya amemwokota, akamleta mlangoni akauliza nani anataka hiki kitoto cha takataka, naye Kukhu akamnunua kwa kikapu cha wimbi. Hilo ndilo jina lake la kwanza, Makokha, kabla hajaitwa Wanjala. "Akaishi," Kukhu akasema. "Akatambaa, nikasema si wangu. Akaenda shule, nikasema si wangu. Mtu akimsifu nilitema mate chini. Akaoa. Mpaka leo, mama, sijasema asante. Kwa sauti, hapana. Hata kanisani, wengine wakisema, mimi nafunga mdomo. Niliogopa itasikika."

Nikamsikia Mama Wairimu akisema, "Lakini ni mkubwa sasa. Ana ndevu."

"Ana ndevu," Kukhu akakubali, na wakacheka, halafu kicheko cha mmoja kikageuka kilio, sikujua cha nani, nami nikaendelea kusugua sahani ambayo ilikuwa imekwisha kuwa safi.

Naandika haya nikiwa mzee kuliko Kukhu alivyokuwa usiku ule, na nimekutana na watu wengi wa namna yake, wengine wao mimbarani. Si watu wasio na imani. Ni watu waliopewa kitu na wakaishi nacho maisha yote kama mwizi anavyoishi na mali, wakikificha. Nilikuwa nimemhesabu Kukhu kuwa adui wa dada yangu. Baada ya jioni ile sikuweza tena. Nilianza kumwona kila asubuhi akishuka na fimbo yake kwenda kukunja nepi zile, nami nikajua anakwenda kumkinga mtoto kwa njia pekee aliyoijua. Sikumwambia Rosa nilichosikia. Halikuwa langu la kusema.

Uchungu ulimshika Rosa mapema kuliko tulivyotazamia. Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimepewa ruhusa kazini nikafika asubuhi na Kukhu. Jirani mwenye gari la makaa alimkubali nyuma, juu ya magunia matupu, na Wanjala akaruka naye wakaenda hospitali. Rosa alikuwa mweupe midomoni. Nilitaka kupanda, akanikataza kwa mkono. "Baki na mama," akasema. Gari likaondoka likayumba katika mashimo, Kukhu akasimama langoni mpaka vumbi likatulia.

Tulirudi ndani ya ploti. Nepi zilikuwa kwenye kamba. Nilidhani atazitoa, na siku ile nisingemlaumu. Alizipita, akaketi kwenye kigoda. Hakutaka chai. Mama Atieno alikuja na bakuli la samaki waliopikwa na ugali, akaliweka mbele yetu bila mzaha wowote, akaketi chini, akanyoosha miguu, akangoja nasi. Mzee Yohana alipita, akasikia, akavua kofia na kuketi kwenye jiwe karibu na mfereji, na mmoja mmoja wale wanawake wa milangoni wakatoka wakaja wakakaa. Hakuna aliyeomba kwa sauti. Jua lilipita juu yetu likaanza kuteremka upande wa pili. Mimi nilijaribu kumshukuru Mungu, kama nilivyomwona dada yangu akifanya, na sikuweza. Kila nilipofungua moyo nilikuta humo ombi tu, lilelile, likijirudia kama cherehani isiyokuwa na uzi.

Kisha Wanjala akatokea langoni. Alikuwa peke yake na alikuwa amekuja kwa miguu. Alitembea polepole, shati limemganda mwilini, na uso wake, nilioutafuta kwa macho yangu yote, haukusema kitu. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kiasi cha kutojua kama amebeba furaha au msiba. Watu wote waliinuka. Alifungua mdomo.

"Simama hapo!" Kukhu akasema.

Akasimama. Akabaki na mdomo wazi.

"Usiseme. Bado."

Aliinuka, akaiacha fimbo ikaanguka. Aliinua mikono yake miwili mikavu, na alizungumza kwa lugha yetu, kwa sauti kubwa, sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Wele," akasema, ambalo ndilo jina tunalomwitia Mungu, "huyu aliyesimama pale ni mtoto wangu. Si wa jalala. Nilimzaa mimi. Ulinipa, na nikakaa kimya. Asante kwa huyu. Asante kwa Wanjala. Na hilo alilonalo mdomoni, sijui ni nini. Wewe unalijua. Asante kwa hilo pia." Akavuta pumzi. "Haya. Sema sasa."

Wanjala alikuwa akilia. Alijaribu mara mbili kabla ya neno kutoka. "Msichana," akasema. "Wote wazima. Ni mdogo, lakini analia mpaka wauguzi wamemkoma."

Mama Atieno alipiga kelele iliyomtoa jogoo juu ya paa, wanawake wakashikana, Mzee Yohana akaketi tena kwenye jiwe lake ghafla, na mimi nikamkumbatia mtu nisiyemkumbuka. Lakini Kukhu hakupiga vigelegele. Alivuka uwanja mpaka kwa mwanawe, akamshika mashavu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akamtazama usoni kwa karibu sana, kama anayemwona mara ya kwanza.

"Analiaje?" akamuuliza.

"Kwa nguvu, mama."

"Nimeuliza analiaje. Nionyeshe."

"Mama, watu wanatazama."

"Watazame."

Na Wanjala, mwanamume mwenye ndevu na mabega ya mjengo, alifumba macho pale katikati ya ploti, akatupa kichwa nyuma na kulia kama mtoto mchanga, sauti nyembamba, yenye hasira, iliyokatika na kuanza tena. Watu wakanyamaza wamsikilize. Alipomaliza, Kukhu alikuwa bado amemshika.

"Tena," akasema.